Rilei Kwenye Kopo la Vifungo

Niseme mapema kabla hujaanza kumshuku mtu mwingine: aliyeizima pikapu ya baba ni mimi. Si panya, si jirani mwenye husuda, wala si fundi. Ni mimi, mwanamke mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mshonaji wa sare za shule, ninayeaminiwa na mtaa mzima kwa vitambaa vya watu. Ijumaa jioni, jua halijazama, baba akiwa bafuni anaoga, nilifungua boneti, nikachomoa kijisanduku cheusi kisichozidi kiberiti, nikakitumbukiza kwenye kopo langu la vifungo. Kisha nikakaa kwenye cherehani nikashona kwa hasira, kana kwamba cherehani ndiyo iliyonikosea.

Kijisanduku hicho mafundi wanakiita rilei. Ndicho kinachoipa pampu ya mafuta umeme. Kikitoka, stata itazunguka mpaka betri ichoke, lakini injini haiwaki ng'o, kwa sababu haipati mafuta. Hayo sikuyasoma kitabuni. Alinifundisha Spana.

Spana ni fundi wa magari, na kwa miaka miwili alikuwa wangu. Alikuwa akiniita "fundi mwenzangu", mimi wa cherehani yeye wa injini, na watu wakisikia wanadhani ni heshima tu. Kumbe mimi hapo nimeshasahau ninachoshona. Siku moja aliniinamisha juu ya injini ya pikapu yetu, akanionyesha rilei mbili zimekaa jirani.

"Hizi pacha," alisema. "Hii ya honi, hii ya pampu. Ya pampu ikifa njiani, chomoa ya honi uiweke hapa. Utafika kwenu bila honi, lakini utafika. Sitaki siku moja ukwame porini na mimi sipo."

Mwanamume anayekufikiria ukiwa njiani na yeye hayupo, unamwacha kwa sababu gani? Mimi nilimwacha kwa sababu baba alisema hapana. Baba ni seremala, mikono yake yenyewe ina sugu kama gome la mti, lakini alisema mtu anayelala chumba cha nyuma ya gereji hawezi kuoa kwake. Kituko ni kwamba pikapu yake hakumpa fundi mwingine yeyote. "Gari namwachia," alisema bila haya, "binti simwachii." Nami, badala ya kusimama nikasema neno, nilichukua simu nikamwandikia Spana: Usije tena. Baba hataki. Maneno manne. Hakujibu. Ikapita miezi miwili. Alipokuja juzi Jumatano kubadilisha oili na plagi, nilijifungia chumbani nikamsikiliza akikohoa uani.

Halafu akatokea mwenye duka la vigae, akaleta posa. Mtu mzuri, sina la kumsema. Baba aliniuliza mara ya kwanza, nikasema, "Utakavyo, baba." Akaniuliza mara ya pili, akaniangalia usoni kabisa, nikasema tena, "Utakavyo." Akafurahi. Akasema Jumamosi asubuhi atawaendea wazazi wa kijana, mwendo wa saa mbili, awapelekee jibu.

Basi Ijumaa nikachomoa rilei. Nilijiambia: pikapu isipowaka, baba haendi, na Mungu atajua la kufanya Jumapili. Hiyo ndiyo akili yangu yote niliyoitumia.

Nisichokijua wakati huo ni hiki. Jioni ileile, mimi nimesusa chakula, cherehani inanguruma, simu ya baba ililia. Hospitali ya macho. Kulikuwa na madaktari wageni wanaofanya upasuaji wa mtoto wa jicho, na mgonjwa mmoja alikuwa ameghairi. Shangazi yangu, aliyengoja miezi minane kwenye orodha, amepata nafasi. Afike kabla ya saa tatu asubuhi, akichelewa anapewa mwingine. Hospitali iko njia ileile ya kwa wazee wa vigae, mwendo wa saa moja. Baba akasema, nitampitisha.

* * *

Jumamosi, saa moja kasorobo, nilitoka uani nikiwa na mswaki mdomoni nikamkuta Shangazi amekaa ndani ya pikapu, amevaa gauni la bluu nililomshonea mwaka jana, mkoba mapajani, mikono imetulia juu yake.

Shangazi ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Ndiye aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano. Sasa jicho la kushoto limekuwa ukungu mtupu, na la kulia linaona kivuli tu, mtu akipita dirishani.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Hukusikia? Ungesikiaje, jana ulikuwa umenuna na mashine yako." Akacheka. "Nakwenda kufunguliwa jicho, mwanangu. Leo leo. Nikirudi nitakuangalia uso wako vizuri, nione kama bado unafanana na mama yako."

Mswaki ukabaki mdomoni.

Na kabla sijapata la kusema, baba akaingia upande wa dereva, akazungusha ufunguo. Stata ikalia kwa nguvu, nye-nye-nye-nye, ikazunguka na kuzunguka. Injini haikushika. Akaachia. Akajaribu tena.

"Ajabu," alisema. "Jana lilikuwa zima."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema "Baba, ngoja kidogo," ningeingia ndani, ningetoa ile rilei kwenye kopo, na saa moja kamili wangekuwa barabarani. Ningepigwa maneno, ningelia, basi. Lakini baba alikuwa ameshashuka, ameshafungua boneti, amesimama juu ya injini, na mimi nilisimama pale kama mtu aliyetumwa na kusahau alichotumwa.

"Baba," nilisema, "tumtafutie Shangazi teksi."

"Teksi ya nini? Gari litawaka sasa hivi."

Wababa na magari yao! Akaita majirani watatu, wakasukuma mpaka kona na kurudi, jasho linawatoka. Nikampigia dereva teksi ninayemshonea mashati, akasema yuko mbali, amepeleka abiria, mpaka saa tatu. Baba akagonga betri kwa nyundo ya mbao. Ikawa saa moja na nusu. Ikawa saa mbili kasorobo.

"Mpigie simu Spana," baba akasema bila kuniangalia.

"Mimi, baba?"

"Namba yake si unayo?"

Ninayo. Niliifuta kwenye simu, lakini kichwani ilikataa kufutika. Nilipiga, akapokea.

"Gari la baba haliwaki," nilisema. "Shangazi anawahi hospitali. Jicho."

"Nakuja," akasema. Akakata.

Shangazi alinigeuzia uso kutoka ndani ya gari. "Mwanangu, una la kusema?"

"Hapana, Shangazi. Kwani vipi?"

"Aa. Nimeuliza tu."

* * *

Alifika saa mbili kamili kwa miguu, anakaribia kukimbia, kisanduku cha vifaa begani. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikosa kifungo cha pili kutoka juu, na mimi, mshenzi mimi, pamoja na msiba wote ule niliwaza kwamba kifungo cha kufanana na hicho ninacho. Kisha nikakumbuka kiko kwenye kopo lipi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Akanigeukia mimi. "Habari ya asubuhi, dada."

Dada! Angenizaba kibao ingeuma kidogo kuliko hiyo.

"Ni hizo plagi zako," baba alianza. "Jumatano umeweka plagi, Jumamosi gari limekufa. Mimi si mtoto."

"Inawezekana, mzee. Tuangalie. Zungusha stata kidogo." Baba akazungusha. Spana akainamisha kichwa, akasikiliza. "Betri nzima. Stata nzima. Inazunguka vizuri kabisa. Kwa hiyo kimoja kati ya viwili: ama haina moto, ama haina mafuta."

"Tangi limejaa nusu."

"Tangi kujaa na injini kupata ni mambo mawili, mzee."

Akachomoa plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake, akaigusisha na chuma cha injini, akamwambia baba azungushe. Cheche ikaruka, ya bluu, kali. Akamwonyesha baba.

"Plagi haina kosa," alisema. Hakuitamka kwa kujigamba. Akaigusa ncha, akainusa. "Kavu. Haina hata harufu ya petroli."

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, na kila hatua aliyopiga nilihisi inakuja kwangu. Huyu mtu namjua. Akianza kutafuta haachi. Nikawaza niingie ndani, nichukue rilei, nijifanye nimeiokota chini ya gari. Nikahesabu hatua mpaka chumbani. Kumi na tano. Miguu ikakataa.

"Mama," Spana akamwambia Shangazi, "wewe umekaa karibu na tangi, na najua masikio yako. Mzee atafungua ufunguo bila kupiga stata. Sikiliza huko nyuma. Kwa kawaida kuna mvumo mdogo, sekunde mbili hivi, halafu unakata."

"Ule kama nyuki kwenye chupa?"

"Huohuo."

Baba akafungua ufunguo. Nilisikia bomba la jirani likidondosha maji.

"Hakuna," Shangazi akasema. "Kila siku huwa unalia. Leo haukulia." Akasema tena taratibu, uso wake ukielekea ukutani nilipoegemea, "Haukulia hata mara moja."

"Basi pampu haipati umeme," Spana akasema. Akakagua fyuzi, akaiinua kwenye mwanga. Nzima. Akairudisha. Akafungua kile kifuniko cheusi pembeni ya injini.

Akasimama hivyohivyo.

Najua alichokiona. Tundu tupu, safi, na rilei ya honi imekaa jirani yake peke yake. Hakuna kilichoungua wala kuvunjika. Kitu kimechomolewa na mtu anayejua anachomoa nini. Na katika nyumba ile, mtu huyo alikuwa mmoja tu, na aliyemfundisha alikuwa yeye.

Akainua macho akaniangalia. Macho yale niliyoyakimbia miezi miwili. Nilidhani nitaona hasira. Niliona mtu anayeuliza swali na anaogopa jibu. Nikatazama chini. Akapata jibu lake.

Akachomoa rilei ya honi, akaihamishia kwenye lile tundu, akabana kwa kidole gumba.

"Jaribu, mzee."

Nyuki akalia kwenye chupa. Stata ikazunguka mara mbili na injini ikawaka, ikanguruma vizuri kama iliyokuwa imelala tu. Shangazi akapiga makofi. Saa yangu ilionyesha saa mbili na dakika ishirini.

Bado tungeweza kuwahi, kwa kukimbiza. Lakini baba si mtu wa kuondoka bila kujua. Alishuka, akaja mbele, akachungulia.

"Umefanya nini?"

"Nimeazima rilei ya honi, mzee. Utakwenda bila honi leo. Ya pampu haipo."

"Haipo imekwenda wapi?"

Spana akafunga kile kifuniko.

"Nadhani ni mimi, mzee. Jumatano nilizichomoa kuzisafisha. Hii sikuibana vizuri, itakuwa imedondoka jana ulipoegesha."

"Hukuibana?" Baba alisema kwanza kwa sauti ndogo. "Dada yangu amengoja miezi minane. Miezi minane! Na wewe hukuibana?"

"Nisamehe, mzee."

"Sikusamehi. Nilijua. Nilisema tangu mwanzo, mtu asiyeweza kutunza mali ya mwenzake atatunza nini? Sikiliza. Kuanzia leo gari langu usiliguse. Mlango wangu usiupite. Na mtaa mzima watajua, kila aliyekuletea gari kwa sababu mimi nilimwambia akuletee, nitamwambia asikuletee tena."

Na nusu ya magari yanayoingia kwenye gereji ile yalikwenda kwa neno la baba. Spana alijua. Alisimama ameinamisha kichwa, anapangusa vidole kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama mtu mwenye hatia ya kweli. Hakunitazama hata mara moja, maana angenitazama ningeonekana.

Mwizi nilikuwa mimi na aliyekuwa anasutwa ni yeye. Nikaona ndivyo nilivyomfanya tangu mwanzo: baba akisema, mimi nanyamaza, Spana analipa.

Nikakimbia ndani. Hatua kumi na tano. Nikarudi na kopo la vifungo, na sikuwa na muda wa kutafuta kwa ustaarabu, nikalimimina lote juu ya boneti. Vifungo vikatawanyika, vyeupe, vya kahawia, vya bluu vya sare, vikateleza mpaka chini. Rilei ikabaki katikati.

"Hakuidondosha, baba. Nilichomoa mimi. Jana jioni, ulipokuwa unaoga."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Baba aliiangalia rilei, akaniangalia, akaiangalia tena.

"Wewe?"

"Mimi. Sikutaka uende kwa wale wazee. Ya Shangazi sikuyajua, Mungu wangu shahidi, sikuyajua mpaka asubuhi. Lakini asubuhi nilijua, na nikanyamaza."

"Huyu amekutuma?" Kidole kikamwelekea Spana.

"Hatujasemezana miezi miwili, baba. Alinifundisha zamani, nisikwame njiani. Hii nimefanya kwa kichwa changu kibovu."

"Si nilikuuliza?" Sauti ya baba ilikatika. Hilo sikulitegemea, afadhali angenifokea. "Si nilikuuliza mara mbili? Nikakuangalia usoni. Ukaniambia utakavyo. Kwani mimi mchawi, nisome kilichoko moyoni mwako?"

Nikaanza kukusanya vifungo juu ya boneti.

Spana aliinama akaanza kuokota vifungo vilivyoanguka chini. Aliniwekea konzi nzima mkononi, na aliponiwekea alisema kwa sauti ya kunitosha mimi tu:

"Ulishindwa kumwambia baba yako, ukaenda kuliambia gari."

"Spana, nisamehe."

"Nilikufundisha ili usikwame. Sikukufundisha ukamkwamishe mtu." Akabeba kisanduku chake. "Nendeni. Mama anachelewa."

Akatoka getini. Baba akaitia rilei kwenye mfuko wa shati, akasema neno moja tu: "Panda."

* * *

Sitasimulia ile njia. Baba aliendesha kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, na kila tulipokuta baiskeli au mkokoteni mbele, alibonyeza honi kwa mazoea, na honi ikawa kimya, na kila ikinyamaza mimi nilikufa kidogo. Shangazi alikaa katikati yetu akinishika mkono. Ni yeye aliyekuwa ananibembeleza mimi!

Tulifika saa tatu na dakika ishirini.

Muuguzi alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. Alitufungulia daftari akatuonyesha. Jina la Shangazi limepigwa mstari, chini yake jina la mzee mmoja aliyekuwa amekaa benchi tangu alfajiri akiomba bahati. "Ameshaingia," akasema. "Wageni wanaondoka leo jioni. Watarudi baada ya miezi minne. Nitamwandika mama wa kwanza kabisa."

"Miezi minne si kitu," Shangazi akamwambia. "Huyo mzee mwambieni namwombea heri."

Baba akatoka nje akasimama kwenye jua. Nikamwona anatoa simu. Aliongea dakika chache na watu wa vigae, na nilisikia maneno ya mwisho tu: "Hapana, ndugu yangu, kijana wenu hana kosa. Kosa ni langu, nilisikia nilichotaka kusikia." Akarudi, akamshika dada yake mkono, tukapanda.

* * *

Saa tisa mchana baba alikuwa barazani, amekaa, randa na ubao mbele yake, hafanyi kazi. Mimi nilimvua Shangazi lile gauni la bluu, nikamletea maji ya kunywa, nikakaa chini sakafuni karibu na kitanda chake. Nikalia mpaka kichwa kikauma. Aliniacha nilie.

"Umemaliza?" akauliza.

"Shangazi, hata nikikuomba msamaha mara mia..."

"Nilikusikia jana."

Nikainua uso. "Ulinisikia nini?"

"Ndala zako. Mguu wa kushoto huwa unauburuta tangu utotoni. Zikaenda mpaka kwenye gari, boneti likafunguka, likafungwa polepole kama la mwizi, zikarudi. Nikasema, huyu anatafuta nini huko? Sikujua. Leo asubuhi gari lilipogoma, nikajua."

"Ulijua? Tangu saa moja?"

"Tangu saa moja."

"Na ukakaa pale na mkoba wako, wakisukuma, mpaka fundi akaja, ukakaa tu?" Nilikuwa napiga kelele sasa. "Jicho lako, Shangazi! Ungesema neno moja tungefika! Kwa nini hukusema?"

Akanyoosha mkono, akanitafuta kichwa, akakipata.

"Ningesema mimi, ungekuwa umekamatwa tu. Mtu aliyekamatwa hajasema kitu. Nikawaza, nimemlea huyu, atasema mwenyewe. Gari likakataa, nikasema sasa atasema. Nikakuuliza una la kusema, ukasema hapana. Fundi akaniambia sikiliza, nikasema sasa, sasa hivi. Nilikuwa nakungoja, mwanangu. Ulisema. Ulichelewa tu."

Nikauficha uso kwenye magoti yake. Kuna makosa ambayo mtu akikusamehe ndipo unapouona ukubwa wake. Akanipapasa nywele.

"Sasa nyamaza," akasema. "Mimi miezi minne nitaingoja, nimeshazoea kiza changu. Yule fundi sina hakika kama ataingoja. Alijibebesha kosa lako, akasutwa mbele ya watu. Unamwacha akae na uchungu huo mpaka lini? Utamwandikia tena maneno manne?"

"Baba amesema asipite mlango wetu."

"Asipite yeye. Wewe umekatazwa kutoka?"

Nikanawa uso. Nikatafuta kifungo cheupe cha matundu manne, nikatunga uzi, nikachomeka sindano kwenye ukosi wa gauni. Shangazi alisikia napapasa chini ya kitanda.

"Unatafuta nini?"

"Viatu."

"Vaa ndala. Nataka nisikie ukienda."

Nikavaa ndala. Nikapita sebuleni nikiuburuta mguu wa kushoto kama kawaida, sikujitahidi kuunyanyua, na nikatoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe. Baba alikuwa palepale. Pikapu imeegeshwa mbele yake, na kwenye boneti kulikuwa na kifungo kimoja cha bluu kilichonaswa kwenye wipa.

"Unakwenda wapi?"

Niliwahi kumwogopa sana mtu huyu. Sasa niliona ni seremala aliyechoka, aliyemkosesha dada yake jicho kwa kumwamini binti yake.

"Nakwenda gereji, baba. Kwa Spana. Nampenda, na nimemkosea. Nakwenda kumwambia yote mawili."

Nikangoja. Safari hii nilikuwa tayari kwa lolote, hata kurudi nikakuta mlango umefungwa.

Baba alichukua randa, akaiangalia, akaiweka chini. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kile kijisanduku cheusi, akakinyoosha kwangu bila kuniangalia usoni.

"Mpelekee hii," akasema. "Mwambie gari langu halina honi."